Takataka Chini ya Maandishi ya Mama

Mkutubi wa shule alifunguliwa blogu na kitindamimba wake, awe anasimulia vitabu anavyovipenda. Baadaye kijana akakorofishana na baba yake, seremala asiyejua kuomba radhi. Wakatupiana maneno mazito, kijana akabeba begi akaondoka bila kuaga. Simu yake ikazimwa moja kwa moja. Mama akabakiwa na sehemu moja tu ambayo mwanawe aliijua: ile blogu.

Basi akaachana na vitabu, akawa anaandika habari za nyumbani. Paa limezibwa. Dada yako kajifungua wa kike. Baba yako siku hizi anakula kama anayelazimishwa.

Waliojibu ni wauza viatu, wacheza kamari na waganga wa nguvu za kiume. Kila asubuhi sehemu ya maoni ilikuwa imejaa pomoni. Aliyafuta moja moja, na kila moja alilisoma kwanza, kwani nani ajuaye mwanawe angekuja kwa jina gani?

"Mama, weka kichujio kikufanyie hiyo kazi," fundi kompyuta wa shule alimwambia.

"Na kikimtupa mwanangu?"



Macho yakaanza kumuuma. Wiki ya mitihani, wanafunzi wamesongamana mlangoni mwa maktaba wakipiga kelele wafunguliwe, uvumilivu ukamwishia. Akayachagua maoni yote kwa mkupuo, akabonyeza kufuta. Yakiwa yanapotea, jicho lake likanasa mstari mmoja katikati ya takataka: "Mama, huyo mtoto wa dada kaitwa nani?"

Ukaenda na mengine.

Fundi alichokonoa ile mashine mpaka jasho likamtoka. "Yameshakwenda, mama. Huku yakifutwa ndiyo basi tena."

Siku hiyohiyo akaandika: mtoto kaitwa jina la bibi yako, nimekufuta kwa bahati mbaya, mwanangu, niandikie tena. Kimya. Kijana alikuwa na kiburi cha baba yake. Akishaona kafutwa, atarudi kubisha hodi? Hilo ndilo lililomkosesha mama usingizi.

Jioni moja seremala akavuta kiti karibu yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Hebu nisomee. Wanasemaje?"

Kulikuwa na ujumbe mmoja. Akasoma: "Nimefurahishwa sana na habari hii. Nitarudi tena."

Seremala akashika ukingo wa meza. "Ni yeye? Mke wangu, kasema atarudi?"

Chini ya maneno yale palikuwa na anwani ya duka la magodoro. Mkutubi akamtazama mumewe, midomo inamtetemeka mtu mzima yule, akafunika kompyuta taratibu.

"Kasema," akajibu.

Asubuhi alikuta mumewe uani anaranda mbao za kitanda kipya, anapiga mluzi. Alisimama mlangoni, kanga mdomoni, akashindwa kumwambia kitu. Akaenda zake kazini.