Jina Lililotozwa Madafu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo siisahau. Mtu wa bima alisimama uani kwetu hapa Baleni akauliza, "Restituta yupo?" Shangazi yangu, aliyekuwa akikuna nazi, akamjibu bila kuinua uso, "Restituta alishakufa, baba. Hapa tuna Rukia."

Mke wangu alikuwa ndani, saratani ya titi imemlaza, akisikia kila neno bila nguvu ya kuita.

Nianze nyuma kidogo. Mimi si mtu wa kubebwa. Baba yangu alikuwa mkwezi wa minazi. Diploma yangu niliitafuta bara kwa kupakia magunia mchana na kusoma jioni. Hifadhi ya bahari ilipoanza kuajiri, nilirudi Mafia na tai shingoni. Nyumba ya kwanza ya bati mtaani petu ni yangu, uliza yeyote. Mke wangu alikuwa mwalimu, Mkristo kutoka bara, na bima ya magonjwa makubwa aliikata kabla hajanijua. Aliposilimu tukaoana, akawa Rukia, nami nikaweka sheria: atakayeteleza akamwita Restituta, faini yake madafu ya nyumba nzima. Watu waliipenda. Wakawa wanategeana: "Umesema nani? Haya, panda mnazi!" Hata mama yake alipokuja kututembelea, akamwita mwanawe kwa jina alilompa mwenyewe, tulimtoza. Alicheka kidogo, akanunua madafu.

Mke wangu aliniambia, tena si mara moja, "Mume wangu, twende mahakamani Kilindoni nikaape, jina jipya lifike na kwenye bima."

"Mimi ndiye ninayeandikiana na wakubwa wa Dar," nikamjibu. "Karatasi niachie."

Mdharau mwiba, mwanangu, mguu huota tende.

Ugonjwa ulipokuja, hospitali nilimwandikisha Rukia. Bima ilimjua Restituta. Wakatuma mtu ahakikishe kwamba hao wawili ni mmoja. Na miaka ile ya hifadhi, mgeni mwenye faili akiuliza jina la mtu, kijiji kilijua anawatafuta wenye nyavu zilizopigwa marufuku. Tangu barabarani walimwambia, "Restituta? Hatumjui." Shangazi ndiye aliyemzika kabisa.

Nilipotoka kazini mgeni alikwisha ondoka. "Shangazi, umefanya nini?"

"Ulichotufundisha, bwana diploma. Ningemtaja, madafu angeangusha nani?"

Madai yakasimama, wakaandika kwamba tunadai kwa jina la marehemu. Ikawa viapo, picha za harusi, barua ya mwalimu mkuu, boti kwenda, boti kurudi. Matibabu aliyoandikiwa yalingoja fedha ile. Uvimbe haukungoja. Bima ilipokuja kukubali, tulikuwa tumeshasoma arobaini yake.

Fedha nikampelekea mama yake bara. Hakuigusa bahasha.

"Kaburini mmemwandika nani?"

"Rukia, mama."

Akatikisa kichwa polepole. "Nami nikija kumzuru, mkwe wangu, nimwiteje? Madafu siku hizi sina nguvu ya kuyalipa."

Nimesimama mbele ya mawaziri, mwanangu, sikukosa la kusema. Pale niliichukua bahasha yangu, nikainuka.

Basi shika haya. Jina badili ukitaka. Dini ni yako, ndoa ni yako. Lakini kabla wageni wa harusi hawajamaliza pilau, nenda ukaape, upate hati, na nakala zake zifike kwa bima, kwa mwajiri, benki na hospitali. Nenda mwenyewe. Usimngoje mume anayejua kila ofisi. Na bibi harusi akiingia nyumbani kwenu na jina jipya, la zamani msiligeuze mchezo wala haramu. Yuko mama aliyelichagua.

Mungu akukinge na maradhi. Na kama hapana budi yakufike, akujaalie majirani ambao mgeni akiuliza watasema bila woga: ndiye, yuko ndani, tunamjua kwa majina yake yote. Amina.