Jiwe Langu Kwenye Ramani ya Mwalimu Nashipae

Kila ninapovunja magadi ili niyatie kwenye mrenda, lazima nilambe kipande kwanza. Mama alinikataza tabia hiyo tangu utotoni na sijaacha hadi leo. Ule ukali ukishagusa ulimi, siko tena jikoni kwangu. Niko nyuma ya darasa la tano huko Kitengela, miaka ya tisini, nimechuchumaa kwenye vumbi na sare yangu ya kijani, napanga vipande vya magadi kutengeneza ziwa.

Enzi hizo somo lenyewe tuliliita GHC. Lilikuwa jiografia, historia na uraia kwa pamoja, na niwaambie ukweli, lilikuwa somo la kulala. Mwalimu wetu wa kwanza alijaza ubao kutoka kona hadi kona, sisi tukanakili, kisha Ijumaa tukaulizwa mipaka ya wilaya ya Kajiado na asiyeijua akaonja kiboko. Mimi niliijua yote, kaskazini mpaka kusini, lakini haikuwahi kunipitia akilini kwamba nilikuwa ninaishi ndani yake.

Halafu akaja Mwalimu Nashipae, mwanamke mrefu mwenye sauti ya taratibu, mzaliwa wa Kajiado mjini. Aliingia darasani na kusema "Sopa," salamu ya Kimaasai, kisha akangoja tuitikie "Epa" sote, Waluhya, Wakikuyu na Wakamba, kabla hajaturuhusu kuketi. Wiki yake ya pili alitutoa nje. Akachora mpaka wa wilaya ardhini kwa majivu, ramani kubwa ya kutembelewa kwa miguu, na barabara ya Namanga tukaipanga kwa vipande vya makaa. Akatuagiza kila mmoja alete kutoka kwao kitu kilichozalishwa katika wilaya hii.

Wambui, ambaye mama yake aliuza mboga sokoni, alileta nyanya za Illasit. Mwingine akaleta kokoto za Kiserian. Lemayian, mtundu wa darasa, alileta mavi makavu ya ng'ombe akayatawanya kote, akisema ng'ombe hawana mahali pamoja, na mwalimu akampigia makofi. Mimi niliambiwa nilete magadi ya jikoni kwetu kwa ajili ya Ziwa Magadi. Nilipomweleza Mama kwamba yanatoka huku huku Kajiado, aliangalia sufuria yake ya mrenda, mrenda wa mbegu alizobeba mwenyewe kutoka Bungoma, akacheka mpaka akaketi.

"Kumbe mboga yetu hata haiwezi kuiva bila Wamaasai," akasema.

Siku iliyofuata mwalimu alitugawia mawe na rangi, kila mtu akaandika jina lake. "Sasa weka jiwe lako mahali ni nyumbani kwenu," akasema.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Baba alikuwa karani kiwandani Athi River, nasi tulipanga vyumba viwili Kitengela, nilikozaliwa. Lakini ukithubutu kusema "twende nyumbani" ukitoka dukani, alikusahihisha papo hapo. Hapa ni kwa nyumba, alisema, nyumbani ni Bungoma. Na Bungoma kwenyewe, tulikoenda Krismasi, binamu zangu waliniita mtoto wa Nairobi na kunisemesha Kibukusu kwa makusudi ili wacheke majibu yangu. Nilitamani sana mahali pamoja ambapo hakuna mtu angenibishia.

Basi nikafanya nilivyofunzwa. Nilitazama jua lilikochomoza, nikaligeuzia mgongo kuelekea magharibi, nikatoka nje ya ramani na jiwe langu mkononi. Nilipita mlingoti wa bendera, nikapita vyoo vya wavulana, nikaliweka jiwe kando ya ua.

"Teacher, Nekesa anaenda choo na jiwe," Lemayian akatangaza, na darasa zima likaangua kicheko. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Nekesa, uko wapi?" mwalimu aliita.

"Niko Bungoma, Teacher."

Nilingoja wacheke tena. Badala yake Wambui aliokota jiwe lake akashika njia ya jikoni, akielekea Murang'a. Wengine wakamfuata, huyu Machakos, yule Kisii, uwanja ukajaa watoto wakibishana njia. Ndani ya ramani alibaki Lemayian na Wamaasai wenzake wachache, wamesimama katikati ya mavi yao.

"Sasa nyinyi wote mmetuachia hii wilaya?" aliuliza, na kwa mara ya kwanza alisikika mnyonge.

Mwalimu Nashipae alicheka, akafuta macho kwa ncha ya leso. Kisha akagawa mawe mengine. "Hayo ya kwanza hakuna mtu atayagusa," akasema. "Hii ya pili, weka mahali umeamka leo."

Niliweka langu Kitengela, kando ya ile barabara ya makaa. Nilifurahi hadi nikaona aibu. Furaha yenyewe haikudumu, maana mwalimu alitangaza kwamba siku ya kufunga shule wazazi wangekuja kuiona ramani.

Baba alikuja na koti lake la kanisani. Nilimpeleka haraka kwenye jiwe la kule vyooni, naye akaridhika, akamwambia mwalimu, "Huyu mtoto anajua kwao." Niliomba Mungu tuishie hapo. Lakini Baba alikuwa mtu wa kusoma kila kilichoandikwa. Aliizunguka ramani polepole, jina baada ya jina, akafika Kitengela, akasimama.

"Nani ameweka hii hapa?"

"Ni mimi, Baba."

Aliinama, akaliokota. Nilijua analitupa, na mbele ya Lemayian. Baba akavuka barabara ya makaa kwa hatua moja, akachuchumaa na koti lake lote, akaliweka jiwe langu ng'ambo ya pili. Alilisogeza kidogo, akalitazama, akalisogeza tena.

"Hapo umeweka ni kwa kichinjio," akasema. "Sisi tuko upande huu."

Akapangusa mikono kwa kitambaa na kuniuliza nilipata ngapi hesabu.

Niliumia, nawaambia. Nilidhani nimekosea mbele ya watu, basi. Baba aliendelea kusema "kwa nyumba" mpaka alipostaafu akarudi Bungoma, wala hatukuwahi kulizungumzia lile jiwe. Nilikuwa mtu mzima, nina watoto wangu, nikilamba magadi usiku mmoja wa kawaida, ndipo nilipomwona tena amechuchumaa kwenye lile vumbi na koti la kanisani. Mtu anayepita njia tu hajali jiwe limekaa upande gani wa barabara. Siku ile nilisikia kosa langu peke yake, nikalikosa neno lililofuata: sisi.