Vitufe Vigumu vya Mikumi

Binti yangu amenunua kibodi mpya ya kompyuta, ya vitufe vigumu, kwa hiari yake mwenyewe. Anasema ndiyo inayosifiwa na wenzake kazini. Wiki haijaisha, akaja kunionyesha vidole kama mtu aliyeungua. "Mama, naumwa mpaka kwenye kiwiko. Nairudisha dukani." Nikamwambia asirudishe. Akaniuliza mimi najua nini kuhusu kibodi. Nilicheka, kisha nikaudhika, maana ni kweli sijawahi kumsimulia.

Mimi nilianza kupiga chapa Kilosa, katika ofisi ya shamba la mkonge ambako mama yangu alikuwa kibarua. Babu aliletwa pale na kazi ya mkonge kutoka mbali, akazikwa palepale. Mama alizaliwa kwenye kambi ya wafanyakazi, akakua, akaingia kazini kwenye uwanja wa kuanikia. Kutwa nzima alikuwa akitandaza katani mbichi kwenye nyaya, juani. Viganja vyake vilikuwa vigumu na vimepasuka, na akinishika shavu alikuwa akinikwaruza bila kutaka. Alinisomesha upigaji chapa kwa sababu moja, naye hakuificha. "Nataka mtoto mmoja wa nyumba hii awe na mikono laini," alikuwa akisema mbele ya yeyote.

Nikampa alichotaka. Taipureta ya ofisi ya shamba ilikuwa ndogo na nyepesi, ukiigusa tu imeshaandika. Mama alipoiona siku moja kupitia dirishani, alikwenda nyumbani akaanza kuifumia kitambaa, maana kwetu kitu cha maana hakiachwi wazi. Redio ina kitambaa chake, viti vina vyao, hata ndoo ya maji ya kunywa ina chake. Alifuma kwa uzi wa rangi ya chungwa, na kilipokamilika kiliifunika ile mashine mpaka chini. Kila jioni nilikitandaza mwenyewe kabla ya kufunga ofisi.

Halafu ikaja ile miaka ya mashamba ya umma kuuzwa kwa watu binafsi. Wageni walikuja na gari, wakapima, wakaandika, wakaondoka. Ofisi ikafungwa, taipureta ikapakiwa kwenye lori pamoja na meza na makabati. Mimi nilibaki na kitambaa. Tukaambiwa mwenye shamba mpya atahitaji watu wa kukata na kuanika tu, na mama akasema heri yeye afe kuliko kuniona mimi kwenye zile nyaya. Alisema kwa hasira, nami nilimwamini.

Ndipo nikaenda Mikumi. Barabara kuu ya kwenda Zambia inapita pale, na siku hizo vibanda vilikuwa vinaota kando yake kila ukigeuka: chips, mitumba, vipuri, vyumba vya kulala madereva wa malori. Mama mmoja, katibu muhtasi mstaafu, alikuwa amefungua chumba cha kuchapa barua na kudurufu karatasi, kati ya gereji na duka la mitumba. Alikuwa na miwani iliyofungwa kamba na maneno machache sana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Keti, upige nione."

Mashine yake ilikuwa ya chuma tupu, kubwa, nyeusi, aliyoinunua mnadani. Nikaweka vidole nilivyozoea, nikagusa nilivyozoea. Kitufe kikashuka nusu, kikarudi. Karatasi ikabaki nyeupe. Nikagusa tena kwa nguvu kidogo, ikatokea alama hafifu ambayo hata mimi mwenyewe nisingeijua kama ni herufi.

"Hiyo haibembelezwi," akasema yule mama. Akaniambia masharti palepale, bila kuzunguka. Mwalimu mkuu mmoja wa upande wa Kidete angeleta mitihani ya majaribio ya darasa la saba. Nikiichapa ikasomeka, kiti ni changu. Isiposomeka, atamwita binti wa dada yake kutoka Morogoro, ambaye ana mkono mzito tangu utoto. Mimi nilikuwa nimeshatoa kitambaa changu kwenye mkoba. Akakirudisha kwa kidole kimoja. "Hicho kaa nacho kwanza. Hapa mashine inafunikwa na mwenye kiti."

Sikulala na njaa Mikumi, sitasingizia. Niliogopa jambo moja: kurudi Kilosa, nisimame kando ya mama kwenye nyaya, naye ajue kwamba yote aliyonifanyia yamekwenda bure. Nikijisikia kukata tamaa nilikuwa nalifikiria hilo, na tamaa inarudi mbio.

Kilichonitesa zaidi ni kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Kiswahili chetu hakimalizi sentensi bila herufi a tele, na a iko chini ya kidole hicho, ambacho maisha yangu yote sikuwahi kukipa kazi nzito zaidi ya kuchokonoa sikio. Vidole vingine vilianza kuzoea. Hicho kilivimba. Nikaamua kukitia adabu. Nikichota maji bombani nilikuwa nabeba ndoo kwa vidole viwili vya mwisho tu, na wapangaji wenzangu wakauliza kama nimevunjika mkono au ndiyo maringo ya watu wa Kilosa. Nikifua, nakamua kwa hivyohivyo. Nikikaa kusubiri chai ichemke, nakandamiza ukingo wa benchi kwa kidole kimoja kama mtu aliyerogwa. Waache wacheke, nilijisemea, kiti hawatakikalia wao.

Lakini subira yangu nayo ina mwisho. Siku moja akapita fundi wa taipureta na majiko ya mafuta, mzunguko wake wa kawaida, mfuko begani. Nikamwambia yule mama kwamba springi za mashine hii zimekaza kupita kiasi, zikilegezwa kazi itakwenda haraka. Alinitazama juu ya miwani. "Anayeipiga ni wewe. Fanya unavyoona." Wakati ule nilidhani amenikubalia. Sasa najua alikuwa ananipima.

Fundi akafungua mgongo wa mashine, akalegeza. Ee, raha niliyoisikia! Ilikuwa kama nimerudishiwa ile ndogo ya Kilosa. Mitihani ilipoletwa, nilikata stensili zote mchana mmoja, vidole vinakimbia, naimba.

Stensili ni karatasi ya nta. Unauondoa utepe wa wino njiani, ili herufi za chuma zikate nta yenyewe, kisha unaitandika kwenye mashine ya kudurufu na wino unapita pale palipokatwa. Isipokatwa, wino haupiti. Mimi hilo nilifundishwa, na nilijibu vizuri darasani. Ila Kilosa sikuwahi kukata stensili hata moja, kazi yangu ilikuwa barua, na barua inaandikika hata ukiigusa kwa unyoya.

Zilidurufiwa, mwalimu mkuu akazichukua kwenye bahasha; kisha akarudi nayo, akiwa bado na vumbi la njiani. Akatoa karatasi moja, akainyanyua mlangoni penye mwanga. Maneno yalikuwa na mapengo kama mdomo wa mtoto wa darasa la kwanza. A zote zilikuwa kivuli tu.

"Binti, watoto wanasoma nini hapa? Wanafanya mtihani au wanabahatisha?"

"Samahani, mwalimu."

"Samahani siwezi kuigawa darasani. Nitapita tena siku ya gulio. Nisipopata kitu kinachosomeka, nakwenda Kilosa mjini."

Alipotoka, yule mama hakunigombeza. Alichukua kalamu akaanza kuandika barua, na nikaona kwenye bahasha neno Morogoro. Uso ulinichoma. Nilitamani nilie, nikakataa.

Nikatoka kumtafuta fundi. Nilimkuta amekaa gereji ya jirani, anakunywa chai na vitumbua.

"Fundi, ile mashine, ikaze."

"Niikaze?" Akatua kikombe. "Dada, kila nikipita watu wananiomba nilegeze. Wewe ndiye wa kwanza."

"Ikaze kama ilivyokuwa. Ukiona nafasi, ongeza kidogo."

Akacheka mpaka chai ikampalia. Lakini alikuja, akakaza, na alipomaliza akabonyeza kitufe kimoja mwenyewe, akatikisa mkono.

Kesho yake nilikaa mbele ya ile mashine tangu duka lilipofunguliwa. Safari hii sikuikimbiza. Nilikuja kugundua kwamba kupiga kwa nguvu peke yake hakutoshi. Nukta ukiipiga kwa hasira inatoboa stensili, na o inadondoka yote ikaacha shimo. M inataka uzito wote, l inataka nusu. Na a, hiyo a, ilitaka nisitegemee kidole bali bega, nishushe mkono mzima nyuma ya kidole kile kidogo kilichovimba. Nilipopata hilo, mlio ulibadilika. Ulikuwa mkavu, wa aina moja, tak tak, na mafundi wa gereji wakaanza kugonga spana kufuatisha, wananitania. Niliwaacha. Stensili moja niliharibu mwishoni kabisa, kwenye swali la hesabu. Nikaitoa, nikaweka mpya, nikaanza tena juu.

Yule mama aliitandika stensili ya kwanza mwenyewe, akazungusha mpini. Karatasi ikatoka. Akaisogeza mlangoni kama alivyofanya mwalimu, akasoma yote, hata maelekezo. Kisha akaingiza mkono kwenye droo, akatoa ile barua ya Morogoro, akaitumia kupangusia wino vidoleni.

"Kile kitambaa chako kiko wapi?"

Nilikitoa mkobani. Nikakitandaza juu ya mashine, na tukakitazama wote wawili. Kilikuwa kidogo. Kiliishia katikati, kama kofia ya mtoto kichwani kwa mtu mzima. Yule mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue, nami nikacheka, kisha machozi niliyoyakataa siku ile yakatoka bila ruhusa.

Mwalimu alikuja siku ya gulio, akachukua mitihani yake, akasema asante. Jumapili nikapanda lori la kwenda Kilosa, na kamba niliyopimia mashine mkobani. Mama alizunguka madukani kutafuta uzi wa kuongezea. Madukani siku hizo kulikuwa na nyuzi za kila rangi kutoka ng'ambo, isipokuwa ile yetu ya chungwa. Akarudi na za kijani, analalamika.

Tukakaa mlangoni. Alinitaka ninyooshe mikono, akanivisha shada la uzi mikononi ili auzungushe kuwa kibonge, kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mdogo. Uzi ulipokwama, akanishika vidole ili auachie. Akaacha kuvuta uzi. Akazibonyeza ncha za vidole vyangu moja baada ya nyingine, akafika kile cha mwisho cha kushoto, akakirudia. Kilikuwa kimeota sugu.

"Hivi ndivyo vidole vya ofisini?"

"Ndivyo, mama."

Niliogopa kumtazama. Alikuwa amenishika kwa viganja vyake vile vilivyopasuka, na kwa mara ya kwanza havikunikwaruza.

"Vinauma?"

"Viliuma. Sasa haviumi."

"Na kiti?"

"Ni changu."

Aliangalia upande wa mashamba. Kisha akashika ncha ya uzi, akaanza tena kuzungusha kibonge.

"Basi nyoosha mikono vizuri, mwanangu. Usilegeze."

Nikakaza.