Asali ni ya Mwenye Kutembea

Mwanangu, siku niliyopanda kutoka Holili na kibuyu cha asali begani naikumbuka kuliko siku nyingi nilizoishi. Mwingereza alikuwa bado anatawala, nami nilikuwa kijana niliyeacha shule mapema kwa sababu miguu yangu haikupenda benchi. Nilitaka kujua kila barabara inaishia wapi.

Kule Holili, mpakani, nilikuwa nikipakua mizigo ya malori, na vumbi likanikausha koo hadi sauti ikawa ya kunguru. Mzee mmoja mfuga nyuki akanihurumia. Alisubiri maji yaliyochemka yapoe kiasi cha kutia kidole, akakorogea kijiko cha asali, akakamulia ndimu. "Kunywa polepole," akasema, "koo halipendi haraka." Nikanywa asubuhi na jioni, koo likalainika, nikalala bila kukohoa. Basi nikamwandama mzee yule hadi kwenye mizinga yake, nikimwuliza hili na lile mpaka akachoka kucheka. Fuata nyuki ule asali. Mimi nilimfuata mwenye nyuki, nikaondoka na kibuyu kizima.

Nilifika kwetu Uru, mlimani, majira ya ukungu, na katika kila kihamba, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba, watu wanakohoa. Mkono mtupu haulambwi, na wangu siku hiyo haukuwa mtupu. Nikamkorogea kaka yangu Aloisi, ambaye hata mtori, ule mchuzi laini wa ndizi, alikuwa akiumeza kwa kukunja uso. Nikawapa na majirani. Walipopata nafuu wakaanza kunitania.

"Shikamoo, Daktari wa Holili! Shule uliikimbia, udaktari umeupata wapi?"

"Barabarani," nikajibu, na kichwa kikanivimba kidogo.

Ndani ya nyumba ya kaka, shemeji yangu Anjela alikuwa na mtoto mchanga, Manka. Kwetu mzazi hukaa ndani hadi miezi yake itimie, akilishwa na kutunzwa, wala haonekani njiani. Bibi yetu, mama yake baba, ndiye aliyekuwa akimtunza. Asubuhi moja nikamsikia Manka akikohoa. Nikaingia, nikachovya kidole katika asali, nikakipeleka kwenye kinywa chake. Bibi akaudaka mkono wangu.

"Manka," akamwuliza mtoto, wala si mimi, "umeshatembea ukafika kwenye mzinga?"

Nikacheka. Bibi hakucheka.

"Asali ni ya mwenye kutembea, mjukuu wangu. Asiyetembea dawa yake ni maziwa ya mama. Halafu hiki si kikohozi cha koo. Tazama."

Akamfunua kifua. Kila alipovuta pumzi, ngozi ilizama chini ya mbavu, na pua zilipanuka kama za mtu aliyekimbia. Anjela akasema kwa sauti ndogo kwamba tangu jana hajanyonya.

"Ateremshwe hospitali mjini," akasema Bibi.

Kaka alikuwa amesimama mlangoni. "Bibi, mzazi hajatolewa nje. Watu watasemaje? Tumpe asali hii, tuone hadi kesho."

"Mzazi huwekwa ndani ili mtoto aishi. Ukimfungia humu mpaka afe, hapo utakuwa umeshika mila gani?" Kisha akanigeukia. "Na wewe, kila siku nalalamika kwamba miguu yako haitulii. Leo naihitaji. Mbebe."

Nikamfunga Manka kifuani ndani ya blanketi. Anjela akanifuata akiwa amejitanda kanga hadi machoni, na kaka akachukua mwavuli na kuja nyuma. Njia ilikuwa inateleza. Wanasema mwenda pole hajikwai, lakini siku ile ilinibidi niende mbio na nisijikwae. Maji ya mfereji yalikuwa yakivuma kando, nami nilikuwa nikiyachukia, kwa sababu yalinizuia kusikia pumzi ya mtoto.

Mjini, dresa, msaidizi wa daktari, alimsikiliza kifua. "Kichomi," akasema. "Lakini mmewahi." Nami kwa vile siwezi kukaa bila kuuliza, nikamwuliza habari ya asali. "Mtoto ambaye hajatimiza mwaka, hata tone usimpe," akajibu. Walilazwa, Manka akachomwa sindano. Siku alipolia kwa njaa, Anjela alicheka huku machozi yanamtoka.

Mimi nikarudi barabarani, kama kawaida yangu. Niliporejea, Manka alikuwa ameshapita mwaka; nilikuta ardhi ya kihamba imekauka na Bibi yuko jikoni. Kitoto kilichovaa gauni refu kikaachia nguzo, kikayumba, kikaanguka, kikainuka, kikanijia na kunishika suruali. Bibi akatungua kile kibuyu.

"Haya, Daktari wa Holili. Sasa mpe. Amekuja mwenyewe."

Nikamlambisha kwa kidole kilekile.

Kwa hiyo, mwanangu, mafua yakikushika na koo likiwasha, kunywa asali yako kwa maji ya vuguvugu wala usione aibu kwamba ni dawa ya wazee. Lakini asiyetimiza mwaka usimpe. Na ukiona kifua kinahangaika, au homa haishuki, tundika kibuyu ukutani ukimbilie hospitali, hata kama watu watasema. Dawa nzuri ina mpaka wake, kama Holili ilivyo na mpaka.

Na ukiambiwa miguu yako haitulii, usikate tamaa. Huenda ipo siku nyumba nzima itaihitaji. Mungu akupe koo laini la kusema kweli, na kifua kipana cha kumbebea mwenzako mtoto.