Nilifika Antaktika, lakini sikuikanyaga

Kwema wakuu? Hiki kimenipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa. Asiyeamini namruhusu, hata kijijini kwetu Zagayu, Usukumani, wapo wanaonibishia mpaka leo.

Ilikuwa miaka ya tisini, soko huria limechanganya. Wanunuzi binafsi wa pamba wamejaa vijijini, na vijana kila mtu anatafuta njia yake. Yangu ikanifikisha Dar, agent mmoja akaniunganisha na meli ya watalii, kitengo cha laundry, kufua mashuka na nguo.

Siku ya kuondoka mama yangu, tunamwita Mayu, alinifunga mkononi kifundo cha kaniki. Ndani kuna udongo wa zizi letu.

"Kitunze mpaka urudi," akasema. Basi.

Mimi nikajua hiyo ni dawa. Na kwetu dawa ya safari haivuliwi njiani.

Msimu wa pili meli ikapangiwa Antaktika. Wakuu, ile nchi niliitamani tangu darasa la sita, nilipoiona kwenye kitabu cha jiografia. Nchi nzima nyeupe, hakuna hata jani la kumpa mbuzi!

Wafanyakazi tukapewa siku moja tu ya kushuka. Niko kwenye foleni, buti zimeshaoshwa, dada wa ukaguzi akaona kifundo. Nikamwambia ukweli, udongo wa zizi la ng'ombe. Nusura azimie. Kule sheria hairuhusu udongo wala mbegu kutoka nje.

"Kivue ukiache melini, halafu ushuke," akanibembeleza.

Nikagoma. Unajua Msukuma akishaamua.

Wenzangu wakashuka, mimi nikabaki nimeshika chuma cha meli. Barafu ile pale, naona mpaka nyayo zao. Nililia wakuu, sioni haya kusema.

Mkataba ulipoisha nikarudi nyumbani kifua mbele, nikamwonyesha Mayu kifundo na kumsimulia nilivyokilinda. Akaniangalia weee.

"Ng'wanawane, mwanangu, si ungekivua tu! Nilikufungia ili ukinikumbuka uwe na kitu cha kushika. Dawa gani tena?"

Halafu akauliza, "Sasa hiyo barafu ukiikanyaga inakuwaje?"



Funzo: mzazi akikupa kitu, muulize maana yake kabla hujajitungia masharti. Mimi ile nafasi haikurudi tena, na hamu haijaniisha.

Karibuni mchangie, hata kunicheka ruksa. Ila kama humu yupo aliyewahi kuikanyaga, aniambie inakuwaje chini ya kiatu. Mayu yu hai, macho yamefifia, na bado ananiuliza.