Pumzi ya Mzee Hamano

Juzi ghalani mwenzangu wa shifti alibandika plasta ya mgongo, na harufu ya kafuri ikanirudisha kwenye kibaraza chetu cha Seven Hills, Sydney, wakati ule wa korona tulipofungiwa majumbani. Sina uhakika kama nakumbuka kila kitu sawasawa. Nilikuwa mtoto, na huenda mengine nimeyaongeza kwa kuyawaza mno.

Mzee Hamano alikuwa Mjapani mwenye duka dogo la dawa kule Bankstown. Babu yake aliianza kazi hiyo kwa miguu, akipanda milima ya kwao na mzigo mgongoni, akiacha kasha la dawa katika kila nyumba. Watu walitumia walichohitaji, na aliporudi msimu mwingine walilipia kilichotumika tu. Baba yake akaendelea hivyo hivyo, na yeye akauleta utaratibu huo Sydney. Sisi Wakongo ulitushangaza: mtu hakujui, anakuachia dawa zake, anaondoka.

"Huyu atafilisika," Baba alisema, huku akijipaka kiunoni mafuta ya kafuri ya Mzee huyo huyo.

Watoto aliwaletea puto la karatasi nyembamba kama ganda la kitunguu. Babu yake aliichagua zawadi hiyo kwa sababu ikikunjwa haina uzito mgongoni. Mzee alilipuliza mwenyewe kwenye kitundu chake kisichofungwa, na sisi tukalirusha kwa viganja.

Tulipofungiwa hakuingia tena ndani. Aliacha dawa getini, na puto likiwa limekunjwa. Siku moja mdogo wangu Neema alishindwa kulipuliza, akaanza kulia. Mzee alitazama huku na huku, akashusha barakoa, akalipuliza, akaliweka juu ya sanduku la barua. Mama alikuwa anarudi kutoka kazini, akamwona.

"Neema, usiguse."

Neema alijibu kwa Kiingereza kwamba ni lake.

Mama alifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. "Nikiwapelekea ugonjwa wale bibi, mimi nitalala namna gani?"

Alikuwa na haki. Na Mzee naye hakuwa mzembe, alimwonea mtoto huruma tu. Mara nyingi nimetafuta mwenye kosa siku ile na sijampata. Mzee aliinama sana kuomba radhi, akaenda. Mama alilibeba puto kwa glavu, akaliweka kibarazani lipigwe jua. Baadaye alituruhusu, tukalichezea kila siku baada ya masomo ya kwenye kompyuta.

Mzee hakurudi. Tulisikia amefia hospitalini. Wengine walisema ni moyo, wengine ni ugonjwa ule, mimi sijui. Ninachojua ni kwamba ndugu hawakuruhusiwa kuingia, na binti yake, Emi, alimuaga kwa simu. Hakuweza kuliendesha duka peke yake. Kazi iliyoanzia mgongoni mwa babu yake Mzee ikaishia hapo.

Emi alipokuja kuchukua kasha la dawa alisimama getini, nasi mlangoni.

"Pole sana, dada," Mama alisema, nami nikatafsiri. Mikono ya Mama iliinuka kidogo, halafu akaishusha.

Nilikimbilia puto. Neema alilikumbatia.

"Liache, Neema. Ni la baba yake," nikamwambia.

"Yaya," akaniita, kama kwetu tunavyomwita ndugu mkubwa, "mimi nampenda pia." Safari hii alisema kwa Kiswahili. Kisha akaliachia.

Nililiweka juu ya sanduku la barua, nikarudi nyuma. Nikamwambia Emi, "Baba yako alilipuliza mwenyewe. Pumzi yake bado imo."

Alilitazama puto. Halafu akauliza, "Mlilichezea?"

"Kila siku."

"Vizuri. Angefurahi."

Akalipokea kwa mikono miwili, akaliweka kwenye kiti cha gari pembeni yake, akaondoka polepole.

Mwaka jana Neema alikuta puto jingine, limekunjwa, kwenye droo. Tulilipuliza vibaya, likawa limelegea. Lakini kadiri tulivyolipiga, lilizidi kujaa. Kila pigo la kiganja lilitoa hewa kidogo kwenye kile kitundu na kuvuta nyingine. Neema alicheka. Mimi nilikaa chini.

Kumbe pumzi ya Mzee ilikuwa imetutoka pale kibarazani, kidogo kidogo, tukicheka. Alichoondoka nacho Emi kilikuwa hewa ya nyumba yetu. Naye amekulia kwenye maputo hayo. Nadhani alijua tangu nilipomwambia tulilichezea kila siku, na bado alilipokea kwa mikono miwili.