Mbao Zangu Zilizofika Matondoni

Mimi ni muuza mbao wa Kiminini, karibu na Kitale, nyumba yangu iko Kibomet, na mpaka mwaka jana bahari nilikuwa nimeiona kwenye kalenda tu. Wenzangu wa pale yadi niliwaambia naenda Lamu kutembea. Niliwadanganya. Nilienda kwa sababu fundi mmoja wa majahazi alinialika, na mwaliko wake uliniuma kuliko matusi.

Fundi huyo anaitwa Lali, mzee wa kijiji cha Matondoni, kisiwani Lamu. Dereva aliyeleta nazi Kitale ndiye aliyempa namba yangu. Alitaka mbao za mvule za kuziba ubavu wa jahazi, ziwe zimekauka vizuri, na hilo la kukauka alilirudia mara tatu kwenye simu. Nikamwambia, "Mzee, mbao zangu zimekaa kivulini mwaka mzima. Wewe lala usingizi." Ukweli ni kwamba mti wenyewe ulikuwa umeangushwa upande wa Bungoma wiki mbili tu nyuma. Wekesa, ambaye hunipasulia mbao, alinionya. "Hii bado iko na maji mingi, mzee. Tukipereka saa hii itatuaibisha." Nikamwambia aache uoga. Tulizianika juani hadi uso ukakauka, nikapaka miisho oili chafu ili unyevu usionekane, na lori likaondoka. Ndivyo nilivyofanya, na sina wa kumlaumu.

Miezi ikapita. Kila nikimpigia Fundi Lali kuuliza kama jahazi limeisha, ananiambia bado. Mimi nacheka. Pale yadi nilikuwa nikiwasimulia wateja, "Si mnawajua watu wa pwani, bana. Jahazi moja mwaka mzima. Huku kwetu saa hii ungekuwa umejenga kanisa na ukalipaka rangi." Watu wanacheka, nami najiona mcheshi.

Kisha siku moja akapiga yeye. "Bwana Mwangi, wiki ijayo twashua chombo. Uliniambia hujaona bahari. Ndoo uione." Kwao "njoo" ni "ndoo", na kushua ni kukiingiza chombo majini kwa mara ya kwanza. Mke wangu, Mama Ciku, alikuwa karibu akasikia. Ni yeye peke yake niliyemwambia habari ya ile oili. Aliweka sufuria chini akaniuliza, "Na mbao za hilo jahazi zikiachana watu wakiwa ndani?" Kesho yake nikafunga begi.

Jumatatu asubuhi niliondoka Kitale na gunia la viazi na debe la maharagwe, maana mkono mtupu haulambwi. Mvua ilikuwa imenyesha na mahindi yalikuwa yamefika kiunoni. Njia yote hadi Nairobi nilijipangia maneno. Nitamwita Fundi kando, nitamwambia, nitaomba msamaha, basi. Ilionekana rahisi. Nililala kwa binamu yangu Nairobi, nikaendelea hadi Mombasa, na kila mji uliopita maneno yalizidi kupungua. Nilipofika Malindi nilikuwa nimeshaanza kujiambia kwamba pengine mbao zilikaukia kwenye lori.

Alhamisi adhuhuri, Mokowe. Barabara inaishia hapo, kilichobaki ni maji. Nilisimama na viazi vyangu nikitazama vyombo vikipakiwa: simiti, mchanga, mitungi ya gesi, kreti za soda, seti nzima ya viti vya sebuleni, na mbuzi wawili. Mzee mmoja alishushwa kwenye boti akiwa amelala kwenye godoro, anapelekwa hospitali ya bara. Mama aliyekaa kando yangu, muuza samaki, aliniona nimekodoa macho.

"Wewe ni wa bara," akasema.

"Natoka Kitale."

"Kwenu kuna malori. Kwetu sisi chombo ndicho lori, ndicho ambulansi, na bibi harusi pia hupita humo."

Nilitabasamu. Huko Kiminini ubao ukipinda, mlango haufungi, mtu anakuja kukutukana, mnaelewana. Hapa niliuza ubao ambao mgonjwa angelalia juu ya maji.

Matondoni niliingia jioni mapema, kwa boti ndogo iliyofuata ukingo wa mikoko. Kabla hujauona mji unasikia nyundo. Pale ufukweni vyombo vimeegemezwa kwa miti, vingine vipya, vingine vizee vinabadilishiwa mbao, na punda wanapita katikati kama wenye mji. Kazi hii wameirithi, na watu hupimana kwayo. Nilisikia kijana mmoja akimsifu marehemu babu yake kwa sababu chombo alichounda bado chatembea.

Fundi Lali ni mfupi, mwembamba, mkono wake wa kulia una kovu la tezo, lile shoka dogo la kuchongea. Alinipokea kwa mikono miwili. "Karibu, Bwana Mwangi. Ndoo ukae." Akanikalisha kwenye benchi refu mbele ya karakana yake. Benchi likayumba. Upande mmoja ulikuwa umenyanyuka, katikati pamepasuka ufa wa kuingiza kidole. Nami, kwa kuwa niliogopa kunyamaza, nikaanza utani wangu wa yadi.

"Mzee, nyinyi mafundi wa kuunda majahazi, benchi tu limewashinda?"

Vijana wake walitazamana. Fundi Lali alicheka kidogo akasema, "Hilo limetushinda kweli." Akaniletea kahawa.

Mwenye jahazi, Bwana Athman, alikuja kunisalimia. Ni mtu wa sauti kubwa, husafirisha mchanga na simiti. Nikamuuliza, bado nacheka, "Mbona lilichukua muda hivi? Ama ni ile pole pole yenu?"

"Muulize huyu," akasema akimwonyesha Fundi kwa kidole. "Amenichelewesha miezi minane. Mji mzima wasema Lali amezeeka, kazi hawezi tena. Nikiwa na chombo kingine cha kuunda, sijui kama nitamletea."

Fundi Lali alikuwa akikuna kovu lake.

Ijumaa, baada ya swala, alinionyesha jahazi. Hapo hata mimi utani uliniisha. Lilikuwa refu kuliko nyumba yangu, ubavu wake umelala laini ubao juu ya ubao, na mafundi walikuwa wakimalizia kukalafati, yaani kuzishindilia nyufa pamba iliyolowa mafuta. "Ubao ukiwa mbichi," akanieleza polepole, "ukikauka hurudi nyuma. Ufa hufunguka, pamba huanguka, maji yaingia. Na hayo hutokea mbali, si hapa." Nilipapasa mbao nikitafuta zangu. Sikuzitambua. Zote zilionekana nzuri, na hilo lilinitisha zaidi.

Mjukuu wake, Salma, msichana wa darasa la tatu, alikuja na kunionyesha mahali alipochagua kukaa kesho. "Hapa mbele. Babu amenikubalia." Nilimwambia ni mahali pazuri. Hebu fikiria, nilimwambia hivyo. Usiku ule walinipikia samaki wa kupaka na wali wa nazi, wakanipa kitanda cha Fundi mwenyewe, na sikula wala sikulala. Nilijua nina usiku mmoja tu wa kusema, nikaumaliza nikitazama dari.

Jumamosi asubuhi maji yalianza kujaa. Mji mzima ulishuka ufukweni. Magogo yalishapangwa chini ya jahazi, kamba nene mbili zimefungwa, wanaume wameshika mstari, akina mama wamebeba masinia ya halua na kahawa. Nilimwona Salma akipandishwa juu, na nikasikia mdomo wangu ukisema, "Fundi, ngoja. Mtoe huyo mtoto."

Nilimvuta kando ya karakana. Nilimwambia yote: mti wa wiki mbili, jua, oili chafu.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Zako hazimo," akasema.

"Aje?"

"Tezo ya kwanza tu, nikasikia harufu. Mbao zako ndizo benchi. Nyingine tumeezekea kibanda cha kuku." Alinitazama bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. "Nilitafuta nyingine. Ikachukua miezi minane."

"Na Bwana Athman anajua?"

"Athman ajua mimi nimezeeka."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Ningesema mbao ni mbovu, angeuliza nani alizichagua. Ni mimi. Nilinunua kwa sikio, sikununua kwa jicho. Kosa langu hilo." Akafuta mikono. "Nawe nilikuita kwa sababu mtu asiyeona bahari haijui. Sasa umeiona. Twende, maji hayangoji."

Sikwenda alikotaka. Nilikwenda moja kwa moja kwa Bwana Athman, mbele ya kamba zote mbili, nikasema kwa sauti ambayo hata wa nyuma waliisikia. "Fundi Lali hajazeeka. Miezi minane ni yangu mimi. Nilimuuzia mbao mbichi nikamwambia ni kavu, na huko kwetu nikawa namcheka kwa kuchelewa. Lile benchi mnalokalia ndilo mbao zangu."

Bwana Athman alinitazama, akatazama benchi, akamtazama Fundi Lali kwa muda mrefu. Akamwendea mzee, akashika mkono wake wenye kovu kwa mikono yake miwili, akasema jambo ambalo sikulisikia. Mimi hakuniambia niondoke wala nikae. Alirudi, akaokota mwisho wa kamba, akanitupia kifuani.

"Mgeni siku mbili," akasema. "Ya tatu mpe kamba."

Nilivuta. Mikono yangu ya kuhesabu mbao ilichubuka kabla jahazi halijatembea futi kumi. Walipoimba sikujua maneno, nikavuta tu. Lilipogusa maji liliinama kidogo, likasimama wima, na Salma akapiga makofi kule mbele.

Jumapili niliaga. Niliomba kitu kimoja tu, nikapewa, ingawa kwenye kila basi makondakta waligomba kuhusu urefu wake. Jumatano jioni nilikuwa Kiminini. Wekesa aliniona nikishusha ubao uliopinda wa lile benchi, akaugeuza, akaona oili kwenye mwisho wake. Tuliutia miguu pamoja.

Sasa mbao zangu hukaa kivulini kweli, vijiti katikati vya kupitisha hewa, na wateja wenye haraka wengine wameshahamia kwa jirani. Wanaobaki hukaa kwenye benchi wakingoja. Juzi mwalimu mmoja wa Ndalu alikaa, likayumba, akaniambia kwa utani, "Mzee, wewe na mbao zote hizi, benchi tu limekushinda?"

Nikamwambia, "Limenishinda kweli," nikaenda kumletea chai.